Matokeo Yanayotarajiwa

Januari, siku ya kwanza, Kidato cha Kwanza B,
niliita majina sabini na moja
na kando ya kila jina, kwa penseli,
nikaweka alama yangu ya siri:
nukta kwa atakayefika,
mstari kwa atakayeishia njiani.
Ilinichukua dakika kumi na mbili.
Nukta zilikuwa tisa.

Sikuona ubaya. Mwalimu niliyempokea kijiti
alinionyesha maabara: mlango wa bati, kufuli,
ndani magunia ya mahindi ya chakula cha mchana
na mizani moja isiyorudi sifuri.
"Hapa Bahi," akasema, akifuta vumbi kwenye miwani,
"ukitarajia kidogo, hulali na kidonda."
Akapanda treni ya Dodoma. Sikumwona tena.

Foibe Mbeleje alikuwa na mstari.
Mstari mnene; nilibonyeza.
Alikaa dirishani, pasipo na kioo,
na swali lolote likimfikia
alisimama, akatazama viatu vyake,
akasubiri lipite, kama mtu anavyosubiri
ng'ombe wa jirani wavuke barabara.
Uvukizi, neno alilolijua shule ya msingi,
huku lilikuwa limevaa suti ya kigeni
na yeye hakutambulishwa.

Julai, upepo ule unaopasua midomo,
nilibeba jiko la mkaa, sufuria ya nyumbani kwangu,
ndoo, kipande cha shuka kuukuu.
Ubaoni niliandika: Lengo. Vifaa. Hatua.
Matokeo yanayotarajiwa: chumvi.
Nikamimina maji kwenye udongo mweupe wa mbugani,
nikachuja, nikateleka, tukangoja.
Tukangoja.
Kengele ya hisabati ikalia. Sufuria ikatoa
utando wa tope na harufu ya maharage ya jana.
Mtu akacheka nyuma. Nikacheka na mimi, kwa aibu.

"Mwalimu," sauti ambayo sikuijua,
"maji yako hayajaiva."

Hayajaiva? Nilidhani amekosea neno.
"Mama hateleki mara moja. Anayarudisha
juu ya udongo mpya, mara ya pili, ya tatu,
yazidi kuchota chumvi,
kisha anaweka yai.
Likizama, kuni zinakaa.
Likielea, anawasha."

Sikuwa na yai. Mpishi wa shule alikuwa nalo moja,
la kwake, akalitoa kama anayemwekea mtu dhamana.
Foibe akapiga magoti, akachuja upya,
akieleza kwa Kiswahili, akichovya Kigogo,
na darasa zima likasogea
hadi jiko likakosa hewa.
Yai likazama. Akarudisha maji.
Likazama, likasita katikati, likasimama wima
kama mtu aliyesikia jina lake
na hana hakika kama ni yeye aliyeitwa.
Kisha upara wake mdogo ukatokea juu.

Somo hilo, la vitu kuelea,
nilikuwa nimelipanga Septemba.

Sitaki kuupamba mwisho. Mtihani wa Novemba
haukuuliza yai. Uliuliza kwa ile suti.
Foibe alipata thelathini na mbili,
akafaulu kwa upana wa ukucha.
Nukta zangu mbili zilianguka;
ya tatu, Chidawali, aliacha shule kabla ya mvua
na hakuna aliyekuja kuniambia kwa nini.

Usiku nilichukua kifutio.
Nilifuta mistari sitini na miwili, mmoja mmoja.
Wa Foibe ulikataa: rangi imetoka,
lakini ukipitisha kidole, kovu lipo.

Chumvi yake iko jikoni kwangu, ndani ya karatasi ya daftari.
Ni ya kijivu. Kwenye mlenda inaacha moshi kidogo.

Leo Januari nyingine, majina sabini na nane.
Penseli nimeiacha nyumbani.
Nimeita la kwanza. Mvulana amesimama,
anatazama viatu.
Nangoja.
Nje wapishi wanabishana juu ya kuni.
Nangoja tena.