Kilomita za Likizo

"Nani anakukimbiza?" huuliza shangazi Mwavita.
Nimekuja Ujiji kupumzika,
ila begini nina raba
na karatasi ya kocha: Jumapili, ishirini.

Alfajiri nachepuka kabla chai haijaniona.
Mwanga, mbwa wawili wananiongezea kasi.
Kibirizi, waanika dagaa wanainua vichwa:
"Baba, treni iliondoka jana!"
Nageuza. Mlimani
pilau la harusi ya juzi linaanza kudai.

Ya kumi na nane, Feruzi kasimama barabarani
na dumu tupu:
"Mama kasema, kwa kuwa unakimbia tu,
upitie mawese."

Mbili za mwisho nimezimaliza
lita tano begani, zikinong'ona klup, klup.
Kocha hilo hakuliandika.
Shangazi, mlangoni, anatazama saa ya ukutani:
"Umechelewa."