Geji Mpya, Igogo

Geji ya zamani ilisoma kwa baa.
Mpya, iliyoletwa jana na bodaboda, inasoma psi,
na Malimi, wiki yake ya tatu zamu ya usiku,
aliona 174
akakimbilia swichi.

Nikamdaka mkono. Gawa kwa kumi na nne na nusu.
Akagawa kwa chaki, sakafuni, kati ya magamba ya sangara.
"Baa kumi na mbili," alinong'ona,
kama anayehesabu misiba.
Ni ileile ya juzi, nikamwambia. Amonia haijabadilika.

Mama yangu, Kirumba, hupima dagaa kwa sado
iliyobonyezwa kitako.
Sijawahi kumuuliza.

Kompresa ikakohoa, ikatulia.
Asubuhi, buti za zamu mpya
zilifuta hesabu, zikabakiza nusu.