Mbegu ya Kura

Kura ya chama chetu pale Chwele
niliiandikia programu,
nimechoka na vifuniko vya soda ndani ya sufuria.
Saba, mbili, tisa.
Nasipwondi, namba saba, akapiga kigelegele, akafunga bahasha lesoni.

Duru mpya, nikawasha kompyuta:
saba, mbili, tisa.
Wakanitazama
kama mizani ya dalali wa mahindi.

Usiku nikaiona: mbegu,
mwaka wangu wa kuzaliwa,
nimeipanda kwa mkono wangu mwenyewe.
Mbegu ile ile, mavuno yale yale.
Mashine haibahatishi. Inahesabu tu, kwa uso mkavu.

Siku hizi mbegu naichuma kwenye saa:
mtu akipiga chafya, nabonyeza.

Nasipwondi bado ananiuliza
mbona nilitengeneza kitu kizima.