Goti la Kushoto

Bi Mwanatumu wa Ngamiani alilibonyeza kwa dole gumba.
"Baridi yabisi. Unalala chini, kwenye saruji,
tena unakunywa dafu magharibi."
Akanikataza matango,
akanichua kwa mafuta ya karafuu
nikarudi nyumbani nanukia pilau.

Bombo, daktari Semkiwa aliinua picha kwenye mwanga:
mifupa miwili, kati yake upenyo wa uzi.
"Gegedu limelika, mama."
Vidonge, baada ya chakula.
Dafu hakulitaja.

Yeye aliuliza umri.
Bi Mwanatumu aliuliza: "Nani anakufulia?"
Hamsini na tisa.
Mimi mwenyewe.

Usiku, redio haijasema,
goti limeshatangaza mvua.
Nameza cha huyu, napaka cha yule.
Beseni la nguo linanitazama.
Nami nalitazama.