Mafuta Yasiyorudi

Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani,
friji tatu zimekufa barazani, milango wazi kama vinywa vya waliolala,
ndipo nilipojifunza kwamba mafuta yana ukoo.

Fundi Mwanakheri hakuwa na ubao wala chaki.
Alikwaruza kwa msumari ubavuni mwa makopo:
hili la gesi kumi na mbili, bibi kizee,
mafuta ya madini, manjano kama samli;
hili la mia thelathini na nne, na la mia nne na nne pia,
hao hawataki ila esta,
maangavu, mepesi, ghali kuliko nyama ya wiki.
"Na ishirini na mbili?"
"Huyo hana makuu. Lakini iulize kompresa ilinyonya nini utotoni."

Mimi nilidhani mafuta ni mafuta.
Mama hukaangia mihogo
kwa mafuta yaliyotoka kukaanga dagaa,
na twala, na twaomba tena.

Alhamisi moja Fundi kaenda Muheza kuzika.
Pongwe wakapiga simu: tangi la maziwa halipoi.
Nikaziba tobo, nikajaza gesi, mia nne na nne, sawasawa,
ila kopo la esta lilikuwa tupu.
La manjano lilikuwa mkononi.
Nusu lita. Nani angejua?
Kompresa ikanguruma vizuri.
Bi Salha akanifungia lita tatu niende nazo nyumbani.

Watu wa bara watutania: Tanga, waja leo waondoka leo.
Na mafuta ndivyo yatakiwavyo:
tone latoka na gesi, lazunguka mabomba,
lafika kipoozeoni, lageuza, larudi kwao siku ile ile,
maadamu gesi yasikilizana nalo.
Yangu haikusikilizana.
Mafuta yalifika baridini yakalowea,
yakanata kwenye shaba kama uji wa jana,
tone kwa tone, siku kumi na tisa,
na kompresa ikazidi kukauka koo.
Ya ishirini ikatoa mlio mmoja, kijiko ndani ya sufuria,
ikanyamaza.

Lita mia nne na themanini zilichacha.
Alfajiri wanawake walikuja na ndoo zao,
wakaelezwa, wakageuka nazo, zimejaa.
Hakuna aliyenitukana.
Bi Salha alisema tu, "Basi tutakunywa mtindi,"
na hilo ndilo lililonichoma.

Fundi aliikata kompresa kwa msumeno, mezani,
akakishika kidole changu akakipitisha kwenye fani:
mikwaruzo, na ukavu kama kigae.
"Soma," alisema.
Miezi mitano nilisoma bila mshahara.

Somo la pili lilikuwa la adabu.
Esta yanywa hewa, na hewa ya Tanga ni maji;
shati ulilolianika usiku walivua kambani limelowa.
Maji yakiingia humo hugeuka asidi,
na asidi haina haraka.
Kwa hiyo kopo likiwa wazi, hakuna maneno.

Akaja jirani, Mbwana Sheghembe, kuazima spana.
Hujambo? Wa nyumbani? Mama?
Na ule mguu wa mama? Na yule mbuzi, kazaa?
Nikajibu yote, moja moja, nilivyolelewa.
Alipoondoka, Fundi alilichukua kopo bila kunitazama,
akaandika kwa msumari: LA BAWABA.
Mwezi mzima nilipita nyumba hadi nyumba nikipaka milango.
Wanaume wa mtaa ule waliochelewa kurudi
walinishukuru kwa siri.

Leo nina kibanda changu, Makorora.
Wateja wasema nimeota kiburi.
Waniamkia, nami nainua kidole kimoja,
macho kwenye mpira, kwenye tone la mwisho.
Nafunga kizibo. Nakaza. Nafuta mikono.
Halafu nageuka:
hujambo, wa nyumbani,
na ule mguu wa mama?