Ukungu

Asubuhi hiyo ziwa halikuonekana.
Ukungu ulilala hadi barabara ya Kirumba,
na mimi dirishani, wodi ya juu, Bugando,
nikamwambia daktari: leo kuna ukungu.
Akainua picha ya kifua changu kwenye mwanga,
akasema, hata huku.

Nilicheka. Kisha sikucheka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
ndivyo alivyosema mama waliponishonea
figo la Lugwisha, kitinda mimba wetu,
chini ya kitovu, upande wa kulia.
Likatoa mkojo siku ileile. Nesi alipiga makofi,
kwa mkojo! Nani aliwahi kushangiliwa hivyo
tangu avuliwe nepi?

Lakini mgeni huyu ana masharti.
Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku,
nameza vidonge, nawalaza walinzi wangu mwenyewe
wasije wakamhoji: wewe wa nani? Umeletwa na nani?
Wamelala. Geti liko wazi.

Na mimi ni muuza mahindi, Igoma.
Waliniambia usifungue gunia, usifagie ghala,
kaa mbali na njiwa, na udongo mbichi, na mkate wa juzi.
Nilitii miezi saba.
Mwezi wa nane mteja wa Magu alitaka kilo tisini,
kijana wa dukani kaenda msibani,
nikakata uzi kwa kisu.
Vumbi la kijani likapanda, laini kama poda ya mtoto.
Nikapiga chafya mbili. Nikampa chenji yake.

Basi. Hakuna kisa kikubwa kuliko hicho.

Sasa dawa inashuka tone kwa tone, ya njano,
na figo la mdogo wangu haliipendi.
Kila siku wanapima damu, wanapunguza, wanaongeza,
kama mtu anayemfukuza nyoka
kitandani alikolala mtoto:
fimbo iwe nzito, fimbo iwe nyepesi.

Lugwisha huja jioni na uji kwenye chupa ya chai.
"Linaendeleaje?"
Haniulizi mimi. Analiulizia lake.
Nainua shuka kidogo, lijibu lenyewe.

Saa nne jua limepanda juu ya mawe.
Naiona Saanane, naona kivuko cha Kamanga kikirudi.
Ukungu wa huko nje haukuandikiwa dawa;
umeondoka tu, wala haukuaga.
Wangu tunaupima Alhamisi.