Umbali wa Salamu

Duka la Shajan, Ruwi, uchochoro wa nyuma ya benki,
halizidi upana wa mkeka.
Baada ya magharibi amenitandikia lenzi tatu
juu ya kitambaa cha manjano,
kama anayempangia mgonjwa dawa:
ya ishirini na nne, ya thelathini na tano, ya themanini na tano.
"Sikwambii ununue ipi," anasema
kwa Kiarabu chake cha kuokoteza.
"Toka nje, tazama, rudi. Pasipoti niachie."

Kamera yangu ni ya hizi mpya, haina kioo tumboni,
nyepesi, haitoi hata mlio wa kufumba jicho.
Nilipomweleza mama, alicheka:
"Kwa hivyo inaiba bila ya kukohoa."

Nikatoka. Agosti.
Baridi ya duka ilikuwa bado imening'ang'ania mgongoni,
lenzi ikaingia ukungu palepale,
nami nikasimama kando ya njia dakika nzima,
kipofu mwenye jicho la riali mia mbili.

Kwanza ile ndefu.
Ng'ambo ya barabara nikamvuta kinyozi
hadi nikahesabu nywele zilizomganda mkononi.
Nikamvuta mzee mmoja, nikauona uzi ulioachia kwenye kofia yake,
jambo ambalo hata mkewe pengine hajaliona.
Hawakujua.
Ina utamu, siwezi kukataa,
utamu wa mtu anayechungulia dirisha la jirani
huku anajiambia: mie natazama taa tu.

Kituoni alikaa msichana juu ya begi lake, simu sikioni.
Midomo inakwenda mbio. Akacheka. Kisha hakucheka.
Nyuma yake mji wote umeyeyuka,
taa za magari zimekuwa matone ya samli.
Picha nzuri. Nzuri mno.
Kidole kilikuwa tayari, na sikubonyeza.
Labda ni jasho.

Ile pana nikaijaribu kwa Khalfan wa mishkaki.
Ilitaka nimsogelee mpaka nimuingie mdomoni.
Ikachukua vyote: moshi, ndoo, paka, bango la bima,
nguzo za pembeni zimeinama kama zimeona aya,
na yeye katikati, mdogo kama nukta.
Akatazama kiooni, akanirudishia kamera kwa vidole viwili.
"Nimekukosea nini?"

Ikabaki ya kati, yenye mkwaruzo kwenye pete.
Nikaenda nayo kituoni. Hatua kumi hakuna kitu.
Hatua nne, sauti ikanifikia:
"...mwambie asilale na sare ya shule, itajikunja,
na hela ya sabuni iko kwa Mwanjaa, asizungushwe..."

Kiswahili.
Si hiki chetu cha Maskati, nusu kimekaa, nusu kimesimama.
Cha Tanga, kile alichokiiga bibi
alipotaka kutuchekesha.
Kwenye ile ndefu midomo ile haikuwa na lugha.

"Hujambo, dada."
Akashtuka. Si kwa kamera, kwa neno.
"We mtu wa wapi?"
Swali hilo nyumbani kwetu hujibiwa kwa majina ya visiwa,
halafu watu wakanyamaza wakanywa kahawa.
Nikamwonyesha kamera badala ya jibu.
"Piga," akasema, "ila uso usiutoe.
Tajiri wangu hana kazi, anashinda mtandaoni."

Nikapiga mikono yake, simu iliyopasuka, begi,
na basi jekundu linaloingia kwa pembeni.

Shajan alishangaa. "Ya themanini na tano ni kali zaidi."
"Najua."
"Na hii imekwaruzika."
"Basi punguza."
Akapunguza riali tano, na kitambaa akanipa.

Usiku nikaikuza picha mezani.
Ukali wote umekwenda kwenye zipu ya begi,
mikono imebaki ukungu.
Sijaifuta.
Jina lake sikuliuliza.